Mkono wa Mpiga Kengele

Gari la zahanati lilikuwa bado linateremka mlima, breki zikilia, Sulieti alipoisikia kengele ya kijiji cha Malaefatu kwa mara ya kwanza. Dereva wake, Iopu, alisogeza gari kando ya njia chini ya mshelisheli, akazima injini, akafunga mikono kifuani.

"Tumechelewa," akasema. "Tutakaa hapa mpaka wamalize sala."

"Tukipita watatufanya nini? Mimi ni nesi wao mpya."

"Nesi mpya, nesi mkongwe, faini ni ileile. Nguruwe mmoja. Una nguruwe kwenye hilo sanduku lako?"

Sulieti akacheka. Kwao pia, upande wa magharibi wa kisiwa cha pili, mtu hakatizi kijiji saa ya sala ya jioni. Tofauti ni kwamba kwao hupulizwa baragumu la kombe. Hapa vijana walikuwa wameshajipanga barabarani, shuka zimefungwa kiunoni, fimbo mkononi, kila mmoja umbali wa nyumba tatu kutoka kwa mwenzake. Aliyekuwa karibu alimtambua Iopu, uso ukamchangamka.

"Iopu! Leo tumekukamata!"

"Mnikamate kwa lipi? Nimesimama. Hata pumzi nimeizuia."

"Hilo tumbo lako mbona linatembea?"

Kengele iligonga tena, na kijana akarudi mahali pake haraka, akakunja uso kama mtu mzima.

Kengele yenyewe ulikuwa mtungi wa gesi mtupu, uliokatwa chini na kutundikwa kwenye nguzo mbili za chuma kando ya kanisa jipya. Ulikuwa umebonyea ubavu mmoja. Mzee mwenye shati jeupe alikuwa akiupiga kwa nyundo, taratibu, pigo moja, kimya, pigo moja. Sulieti alikuwa amefanya kazi ya kutazama miili ya watu kwa miaka kumi na moja, na jicho lake lilienda lenyewe kwenye miguu ya yule mzee. Mguu wa kushoto ulikuwa mbele, wa kulia nyuma, kama wa mtu anayepiga kwa mkono wa kulia. Lakini mkono uliopiga ulikuwa wa kushoto. Wa kulia ulining'inia ubavuni kama kitu alichoombwa amshikie mtu.

"Yule ni nani?"

"Mzee Kelemete," Iopu akajibu, na mzaha ukamtoka sautini. "Asubuhi ya Wimbi alipiga hiyo kengele mpaka maji yakamkuta palepale. Bila yeye usingekuwa na wagonjwa huku, ungerudi kwenu."

*

Nesi aliyemtangulia alikuwa amemwachia kabati la mafaili, na Sulieti alitumia wiki yake ya kwanza kuyasoma. Wimbi lilikuwa limepita miaka mitano nyuma. Kijiji kilishahama kutoka ufukweni kikajengwa upya mlimani, nyumba zilishapakwa rangi, migomba ilishazaa mara kadhaa. Lakini mafaili yalisema habari nyingine. Kabla ya mwaka ule yalikuwa membamba: mimba, majeraha ya panga, meno. Baada yake yalinenepa. Mwalimu ambaye tumbo lake halikukubali chakula chochote kabla ya saa nne asubuhi. Mama ambaye ngozi ya viganja humbambuka kila Septemba. Watoto wenye pumu katika nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na pumu. Na presha, na sukari, ukurasa kwa ukurasa, kwa watu ambao hawakuwa wakila zaidi ya walivyokula zamani. Hakuna aliyeandika neno Wimbi mahali popote. Kila ugonjwa uliandikiwa dawa yake, ukafungwa.

Faili nene kuliko yote lilikuwa la Kelemete.

Alikuja Jumanne asubuhi, shati limepigwa pasi, na kikapu cha magimbi kwa ajili ya nesi. Alikuwa na miaka sitini na sita. Sulieti akamfunga mkanda wa presha: mia na thelathini na nane kwa themanini na nane.

"Si mbaya, Mzee."

"Hilo ndilo wanaloniambia wote. Si mbaya. Kisha naanguka."

Alikuwa ameanguka mara mbili mwaka uliopita. Daktari wa mjini alimpiga picha ya moyo, akaona umevimba, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: anakunywa dawa kweli? Kelemete alikuwa anazinywa. Kopo lake alilileta, na Sulieti akahesabu vidonge, havikuzidi hata kimoja. Daktari alikuwa amesema mambo mawili, na yote mawili yalikuwa ndani ya faili. Moyo ule ukiendelea hivyo hautamaliza mwaka mwingine na nusu. Na binti yake, Filoi, aliyekuwa ng'ambo, Auckland, na aliyeshakamilisha karatasi zote za kumchukua baba yake, asimsafirishe kwa ndege mpaka presha itulie.

"Na huo mkono?"

"Huu?" Aliutazama kana kwamba ameletewa habari za jirani. Aliuinua. Ulifika usawa wa kifua, ukakoma. Sulieti akaona jasho likimtoka juu ya mdomo. "Picha wamepiga. Mfupa mzima. Mama mkandaji ameukanda kwa mafuta ya nazi miezi mitatu. Anasema ni marehemu mke wangu ameushika."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema kama ni yeye, amebadilika sana. Asenati hakuwahi kunishika mkono mbele za watu miaka thelathini na minne. Leo ndiyo aanze?"

Alicheka, na Sulieti akayaona meno yake. Yalikuwa yamesagika, mafupi kama ya mtoto, ya mtu anayetafuna usingizi wake.

*

Aliigundua siri ya ile presha kwa sababu ya uzembe wake mwenyewe. Jioni moja alipitia kwa Kelemete kumpelekea vidonge vipya, wakakaa kwenye mkeka katika ile nyumba yake isiyo na kuta, wakinywa kakao, na maongezi yakamchukua. Akatoa mkanda akamfunga kwa mazoea tu, huku mzee akisimulia jinsi Filoi alivyowahi kutoroka shule na kujificha juu ya mti.

Mashine ikasoma mia mbili na kumi na mbili kwa mia na kumi na tisa.

Sulieti akadhani mkanda umekaa vibaya. Akafunga upya. Mia mbili na kumi na nne.

"Mzee, kichwa kinauma?"

"Kidogo. Hiyo ni kawaida ya saa hizi." Kelemete alikuwa ameshaanza kuinuka. Shati lake, lililokuwa kavu dakika tano nyuma, lilikuwa limeganda mgongoni. "Ngoja nikapige. Wewe usitoke sasa, vijana wameshaingia barabarani. Wewe ni mgeni, watafurahi sana kukukamata."

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni.

Akakwama mle ndani. Alimsikia akipiga mara ya kwanza, ya kuwaita watu majumbani. Kelemete akarudi, amekunja uso, akakaa, akaimba wimbo wa sala kwa sauti isiyo na pumzi. Akatoka tena kupiga ya pili, kisha ya tatu, ya kumaliza. Kila aliporudi Sulieti alimpima, na kila alipompima alijizuia asiseme namba. Baada ya kengele ya tatu mzee alikwenda nyuma ya nyumba, akatapika kakao yote, akanawa, akarudi akaketi kwa adabu kana kwamba alikuwa amekwenda kuangalia kuku.

"Tangu lini?" Sulieti akauliza.

"Kutapika?"

"Yote."

"Mwanangu, wewe umeletwa kutibu watu au kuwahoji?"

"Asubuhi kwangu presha yako ni nzuri. Daktari wa mjini naye amekupima asubuhi. Hakuna aliyekupima saa ya kengele. Kila jioni, Mzee, mara tatu, moyo wako unakimbia mlima, na wewe umesimama. Kengele hii inakuua."

Alitegemea abishe. Badala yake Kelemete aliuweka mkono wa kulia mapajani, akaukandakanda kwa wa kushoto, na alipoanza kusema alisema na mkono ule.

Tetemeko lilikuja karibu saa moja asubuhi, siku ya Jumanne, likatikisa kwa muda mrefu mno. Alikimbilia kengele, ambayo wakati ule ilikuwa kwenye kanisa la zamani, hatua ishirini tu kutoka kwenye maji. Alikuwa ameipiga kwa miaka ishirini na saba. Hakuna aliyewahi kumwonyesha pigo la hatari. Mkono ukapiga pigo ulilolijua: taratibu, moja, kimya, moja. Pigo la kuwaita watu kanisani.

"Walioko ufukweni walitoka nje, wakaona bahari imekwenda zake na samaki wanarukaruka kwenye matope. Wakakimbia. Hao ndio wanaosema niliwaokoa, na sawa, labda. Lakini Asenati alikuwa ameshapanda mlimani. Yeye na Fiasili, mama yake Peone. Tetemeko lilipoanza wao walipanda moja kwa moja mpaka kwenye kibanda chetu cha shambani, pale alipokuwa akisukia mikeka. Walikuwa salama, mwanangu. Niliwaona, shuka yake nyekundu. Na huko juu miti inaziba, bahari huioni."

Nje vijana walikuwa wanavunja mstari, wanacheka, wanagongana fimbo.

"Wakasikia kengele ya kanisa. Baada ya tetemeko kama lile wakadhani mchungaji anawaita watu kushukuru. Wakaanza kuteremka. Nikapiga kelele, kengele ikaifunika sauti yangu. Nikaona, basi, nipige haraka, wataelewa. Sasa wewe unajua kwetu kengele ya kanisa ikiharakishwa maana yake nini."

Sulieti alijua. Maana yake mchungaji ameshasimama, waliochelewa wakimbie.

"Wakakimbia," Kelemete akasema. "Wazee wawili wale, wameshikana mikono, wanateremka mbio kuja kanisani. Ningeweza kuwapungia warudi. Ila mkono huu ulikuwa na nyundo."

*

Kelemete alimwapisha asimwambie mtu. Sulieti akakubali, kisha akajuta, maana mdomo uliofungwa hauwezi kutetea mgonjwa.

Alikwenda kwa Lafaele, mkuu wa baraza la kijiji na mkubwa wa ukoo wa Kelemete, akamweleza habari ya moyo na presha na saa kumi na mbili jioni. Lafaele alimsikiliza kwa heshima zote, akipunga nzi.

"Kwa hiyo unataka tumnyang'anye kengele."

"Nataka apumzike, Mheshimiwa."

"Nesi, wewe ni binti mzuri na unafanya kazi nzuri. Lakini ukimvua mtu kazi kama ile, watu watauliza amekosa nini. Huyo mtu ametuokoa. Nimtoe pale kwa kosa lipi?"

"Si kosa. Ni ugonjwa."

"Haya. Tumpunguzie. Apige mara mbili badala ya tatu."

"Na ya kumaliza sala itapigwa na nani?"

Lafaele akafikiri. "Basi sala itakuwa haina mwisho," akasema, akacheka, na Sulieti akajua ameshindwa.

Alichokiona akitoka pale kilimsumbua kuliko presha. Kijiji kilimpenda Kelemete, na kila kilipomheshimu kilimrudisha kwenye ile nyundo. Yeye naye, akiiacha, itakuwa kama amekiri, akiendelea, itammaliza. Sulieti alimwongezea kidonge kimoja cha jioni. Kilimfanya ayumbe barabarani. Namba haikushuka.

Mwezi wa tisa ukafika, na pamoja nao ibada ya kumbukumbu. Viganja vya yule mama vikaanza kubambuka, mwalimu akaacha kula. Kanisani majina ya waliokufa yalisomwa moja moja, Asenati na Fiasili wakifuatana kwa sababu walipatikana pamoja. Kisha mchungaji akamwita Kelemete mbele, kama kila mwaka, avalishwe shada la maua. Na mwaka ule Peone akasimama.

Peone alikuwa mtu wa miaka arobaini, fundi seremala, mwili mkubwa, sauti kubwa, mwepesi wa machozi. Alitembea mpaka mbele.

"Nimemzika mama yangu," akasema, "lakini nina watoto wanne, na wote wanne wamekaa pale, wanakula, wananisumbua, kwa sababu ya mkono huu!"

Akaushika mkono wa kulia wa Kelemete, akauinua juu, juu kabisa, kama anavyoinuliwa mshindi wa ndondi.

Sulieti alikuwa amekaa safu ya tatu. Aliona kwamba mkono ulikwenda. Ulipita kifua, ukapita bega, ukasimama wima bila mfupa wowote kuuzuia. Na aliuona uso wa mwenye mkono. Watu walikuwa bado wanapiga makofi Kelemete alipoanguka, na shada likamfunika mdomo.

Alipofungua macho juu ya kitanda cha zahanati, kitu cha kwanza kusema kilikuwa: "Nipe shati langu."

"Utalala hapa siku tatu."

"Siku tatu nitalala. Ya nne nakwenda kwa Peone."

"Moyo wako, Mzee..."

"Si daktari amesema una mwaka na nusu? Nikikaa kimya utakwenda wapi, Ulaya?"

*

Siku ya nne, jua halijatoka, alikwenda. Alipitia shambani kwanza, akauchukua mkeka ambao Asenati alikuwa anausuka siku zile za kabla ya Wimbi. Mikeka ya heshima husukwa kwa nyuzi nyembamba kama nywele, na mmoja unaweza kula miaka miwili. Huu ulikuwa umefika robo tatu. Upande mmoja nyuzi zilikuwa bado zinaning'inia. Akaketi chini, kwenye kokoto, mbele ya nyumba ya Peone, akajifunika kichwa.

Kila mtu pale alijua maana yake. Hiyo ni ifoga. Mtu aliyeua hukaa hivyo mbele ya nyumba ya wafiwa, na wao ndio huamua: wamfunue, au wamwache, au wamfanye watakavyo. Lakini haifanywi na mtu mmoja. Hufanywa na ukoo, mkubwa wao akiwa mbele. Na hakuna aliyejua Kelemete amemuua nani.

Peone alitoka na mswaki mdomoni.

"Baba Kelemete? Umelewa, au homa?" Akatema povu. "Toka huko chini, unawatisha watoto. Ingia ndani unywe chai."

Kutoka chini ya mkeka sauti ilianza kusema. Haikusema kwa lugha ya mabaraza, ile yenye mapambo. Ilisema kama mtu anayeelekeza njia: shuka nyekundu, kibanda cha shambani, pigo la taratibu, pigo la haraka. Mwishoni ikasema, "Walikuwa juu, Peone. Mimi ndiye niliyewashusha."

Mswaki ulikuwa umeanguka kokotoni. Peone aliuokota, akaufuta kwa shati, akafanya hivyo kwa muda mrefu. Halafu akaingia ndani. Nyumba haikuwa na kuta, kwa hiyo alishusha mapazia ya makuti, moja baada ya jingine, pande zote nne, kitu ambacho watu hufanya wakati wa mvua ya upepo tu.

Jua likapanda. Watu wakakusanyika mbali, wakinong'ona. Sulieti alisimama kando ya uzio na mfuko wake, akihesabu dakika, akijua kwamba akimgusa mgonjwa wake ataharibu kila kitu.

Lafaele alifika saa mbili, amekasirika, shuka ameifunga upande. "Ifoga gani hii ambayo baraza halina habari nayo? Kelemete! Nani amekuruhusu?" Mtu akamnong'oneza. Akanong'onezwa kwa muda, na hasira ikamtoka usoni polepole, ikabaki sura ya mzee aliyechoka. Alitazama ile kengele kule juu. Kisha akavua viatu, akaenda akaketi kokotoni karibu na Kelemete, akainua pindo la mkeka, akajifunika naye.

Mapazia yalikaa chini mpaka saa nane mchana. Lilipopandishwa la mbele, Peone alitoka, macho yamevimba, akaja akasimama juu ya wale wazee wawili. Wafiwa hutakiwa kutoa hotuba. Yeye hakuwa nayo. Aliushika mkeka kwenye ule upande wa nyuzi zisizosukwa, akaufunua, akaukunja, akauweka begani.

"Nendeni nyumbani," akasema. "Jua kali."

Ilikuwa imekubaliwa. Watu wakapumua, mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti. Lakini Peone hakumwangalia Kelemete usoni, na hakumwinua. Aliyemwinua alikuwa Iopu.

*

Sulieti alitaka sana kusema kwamba mwili ulipona. Alimpima jioni ileile, na ya pili, na ya wiki nzima. Saa ya kengele ilikuwa mia moja na themanini, mia moja na sabini na mbili, mia moja na themanini na tano. Mkono ulikoma palepale kifuani. Kitu kimoja tu kilibadilika, na alikisikia kwa jirani: mzee sasa alikuwa anakoroma. Miaka mitano hakuna aliyekuwa amesikia akikoroma.

Presha ilianza kushuka kweli alipoacha kupiga. Hakunyang'anywa, alikwenda mwenyewe kwa Lafaele, akaiweka nyundo mbele yake juu ya mkeka. Wiki tatu kijiji kilisali bila kengele, watu wakitazamana kuuliza saa. Daktari wa mjini akaandika barua ya kumruhusu kupanda ndege. Filoi akatuma tiketi.

Asubuhi ya kuondoka, sanduku likiwa tayari ndani ya gari la zahanati, Iopu akalalamika kwamba magimbi yaliyofungashwa yatalivunja gari ekseli.

"Auckland hakuna magimbi?" akauliza.

"Yapo, lakini yana baridi ndani," Kelemete akajibu.

Hapo ndipo Peone alipotokea kwenye kona ya kanisa. Tangu siku ile hakuwa amesema na mzee. Mkononi alikuwa na ile nyundo.

"Wamenipa mimi," akasema, akitazama gurudumu la gari. "Sijui inavyopigwa."

Wakaenda wote wawili mpaka kwenye mtungi. Sulieti alifuata nyuma kidogo, kwa mazoea ya kazi. Kelemete alieleza pigo la sala, akaeleza la msiba. Kisha akasema sasa lipo na la hatari, amelitunga mwenyewe usiku, mwezi mzima, halifanani na jingine lolote, na watu wote wafundishwe, mpaka wazee, mpaka walioko mashambani. Akaichukua nyundo amwonyeshe. Bila kufikiri, aliichukua kwa mkono wa kulia.

Mkono ulipanda mpaka kifuani, ukasimama. Wanaume wale wawili wakauangalia.

Peone akaweka kiganja chake kikubwa chini ya kiwiko cha mzee. Hakuuinua kama siku ile ya kanisani. Aliushikilia tu pale ulipofika, muda wote Kelemete alipokuwa akihesabu pigo kwa mdomo, "mbili-mbili-moja, mbili-mbili-moja." Kisha akaitoa nyundo vidoleni mwake.

"Nimesikia," akasema.

"Rudia."

"Mbili-mbili-moja, Baba."

Gari lilipanda mlima, breki zikiwa kimya kwa kuwa ulikuwa mwinuko. Kelemete alikaa mbele, shati jeupe, uso kwenye kioo, hakugeuka. Kwenye kona ya mshelisheli moshi ulionekana kidogo, halafu hapakuwa na kitu.

Sulieti alirudi zahanati, akamaliza wagonjwa kumi na mmoja. Saa kumi na mbili kasoro alimfungia mkanda wa presha yule mama wa viganja, wa mwisho, aliyekuwa amekaa akizungumzia bei ya sabuni. Mia na thelathini. Huko nje Peone alipiga pigo lake la kwanza, zito mno, la fundi anayepigilia ubao, na maneno yakamkatikia yule mama mdomoni.

"Si yeye," akasema.

"Ameondoka leo, Mama."

"Najua. Nilimuaga." Viganja vyake vilikuwa vimeshikilia kiti. Sulieti hakuwa ameufungua mkanda bado. Akabonyeza kitufe ampime tena, sasa saa ya kengele, namba zikaanza kupanda, na kule juu Peone akakosea, akakaa kimya, akaanza upya.